Kutoka Trela Hadi Kiti cha Kushoto: Je, Kufundisha Udereva Kunalipa Voi?



Swali la leo nimeletewa mara nyingi, na karibu kila mara na mtu wa aina moja. Ni mwanamume wa miaka arubaini na ushei, mkaazi wa Voi, Maungu au Mwatate. Amekula barabara ya Mombasa na Nairobi kwa miaka kumi na tano au ishirini, kwanza akiwa utingo, kisha akashika usukani. Sasa mgongo unamuuma, macho usiku yanamsumbua, na watoto wake wanamjua baba kwa sauti ya simu. Anauliza: je, nikiiacha trela niwe mwalimu wa udereva hapa nyumbani, nitaweza kulisha watu wangu?

Jibu fupi ni kwamba inawezekana, ila kazi yenyewe siyo ile anayoidhania. Jibu refu ndilo hili.

Voi ni mji uliozaliwa na njia. Reli ya mkoloni ilifika hapa mwishoni mwa karne ya 19, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ikatoa tawi la kwenda Taveta. Baadaye lami ikachukua nafasi ya reli, na mji ukawa unakula kwa sababu lori limesimama. Muuza chai, fundi wa taili, mwenye gesti, kijana wa kuosha vioo, wote riziki yao ilikuwa ni breki ya dereva. Ndiyo maana treni ya mizigo ya SGR ilipoanza safari zake Januari 2018 watu wa hapa walianza kuhesabu malori yanayopita. Na Agosti 2019, lilipotolewa agizo kwamba mizigo yote ya kwenda bara ipande treni, hesabu hiyo ikawa ya kutisha. Mombasa waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Novemba 2020 Mahakama Kuu huko Mombasa ikasema agizo lile lilikiuka Katiba, na Septemba 2022 Rais Ruto, katika siku zake za kwanza ofisini, akaamuru shughuli za mizigo zirudishwe bandarini Mombasa.

Malori yamerudi, nakubali. Lakini madereva waliishi miaka ile, na walijifunza kwamba barua moja kutoka ofisi ya Nairobi inaweza kumkalisha nyumbani mtu mwenye leseni safi na mikono miwili. Fikra ya kufundisha udereva ilianzia hapo kwa wengi wao. Wanataka kazi ambayo haitegemei kontena.

Sasa tuelewane kazi yenyewe ni ipi. Dereva wa trela hudhani kufundisha ni kuendesha gari ukiwa umekaa upande mwengine. Sivyo. Ukikaa kiti cha kushoto usukani huna, mafuta huna, na gia unaifikia kwa kunyoosha mkono. Ulicho nacho ni breki ya pili chini ya mguu wako, kioo cha ziada cha kutazama nyuma, na ulimi. Katika hivyo vitatu, ulimi ndio unaofanya kazi kutoka asubuhi hadi jioni. Mwalimu anayeikanyaga ile breki kila dakika mbili anaonyesha kwamba ulimi wake unachelewa. Anaiona hatari, lakini hamwambii mwanafunzi mapema.

Na hapa ndipo wazoefu wanapokwama. Mtu aliyeendesha miaka ishirini hajui tena anachokifanya, kwa sababu miguu yake inafikiri yenyewe. Mwambie akueleze jinsi ya kuondoa gari lililosimama mlimani. Atakujibu: “Si unaachia klachi tu huku unatia mafuta.” Hilo si somo. Mwanafunzi ataachia klachi kwa mpigo, gari litaruka kama mbuzi na kuzimika, nyuma yake matatu itapiga honi, na mwalimu naye ataanza kupiga kelele. Mwanafunzi anayepigiwa kelele husikia sauti, maneno hayasikii. Kesho yake haji, na pesa zake zimeshaliwa.

Mwalimu anayejua kazi huigawa hatua hiyo moja mara sita. Hendibreki iko juu. Mguu wa kushoto umezamisha klachi hadi chini. Gia ya kwanza imeingia. Kisha mguu ule wa kushoto unapanda polepole, polepole sana, hadi sauti ya injini ishuke kidogo na boneti ijiinue kama mtu anayevuta pumzi. Hapo mguu unakaa, haupandi wala haushuki. Ndiko huko vijana wanakoita kubalansi. Sasa mafuta kidogo kwa mguu wa kulia, na mwisho kabisa hendibreki inashushwa. Gari halirudi nyuma hata shubiri moja. Mwalimu mzuri hufundisha hayo kwanza kwenye uwanja tambarare, bila mafuta kabisa, mpaka mguu wa mwanafunzi uijue ile sauti. Huenda siku nzima ikaishia hapo. Kama hilo linakuchosha kulisoma, basi kulifanya mara nane kwa siku kutakuchosha zaidi, na ni bora ulijue sasa kabla hujamrudishia bosi wako funguo za trela.

Dereva wa Taita Taveta ana kitu ambacho mwalimu wa Mombasa mjini hana, nacho ni barabara zetu. Kutoka Voi unaweza kumpeleka mwanafunzi Mwatate na kupanda Wundanyi kwa lami, mlima na kona zake, na asubuhi nyingine ukungu juu. Pale ndipo dereva wa zamani wa trela anapokuwa profesa. Anajua kwamba gari hushuka mlima kwa gia ileile ambayo lingepandia, au karibu nayo. Anajua harufu ya breki zilizopata moto, na kwamba breki zikishapata moto kiasi hicho unazikanyaga na hazikujibu. Anajua kwa nini wenzake waliotia nyutro kwenye mteremko, wakidhani wanaokoa dizeli, hawako tena. Haya yamo vitabuni kwa mstari mmoja. Yeye anayo ya miaka ishirini.

Kuna pia barabara kuu yenyewe, na kumfundisha mtu kuipita trela si mchezo. Mwanafunzi huiona trela moja mbele yake, kumbe mbele ya hiyo kuna nyingine mbili zimeshikana. Aliyewahi kuendesha trela anajua yule wa juu anaona nini na haoni nini, na kwamba gari dogo likiganda ubavuni mwa lori, karibu na kichwa, dereva wa lori hana habari nalo. Upande wa Taveta kuna zaidi ya kilomita mia moja za lami nzuri, na uzuri wake ndio mtego: inapita katikati ya nyika yenye wanyama kabla ya kufika kwenye mashamba ya Taveta na mpaka wa Holili. Ndovu wa Tsavo hana indiketa. Usiku rangi yake ni ya giza, na macho yake yako juu kuliko mwanga wa taa zako. Mwendo wa usiku huku si ule wa Nyali, na mwalimu asiyelisema hilo kwa mwanafunzi wa Voi hajamaliza kazi yake.

Tuje kwenye sheria, maana hapa wengi wana haraka. Leseni ya udereva, hata iwe safi namna gani, haikuruhusu kufundisha watu kwa malipo. Mwalimu wa udereva ana leseni yake ya pili, ya ualimu, inayotolewa na NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Na hufundishi peke yako chini ya mwembe. Unafundisha kupitia shule iliyosajiliwa, kwa gari lililokaguliwa, lenye herufi L nyekundu juu ya kibao cheupe mbele na nyuma, na mwanafunzi mwenye leseni ya muda ya kujifunza, ile watu huiita PDL. Utatakiwa uwe na leseni ya daraja unalolifundisha na uzoefu wa miaka kadhaa, pamoja na cheti cha tabia njema kutoka kwa idara ya upelelezi, DCI, ambacho huombwa kwa eCitizen kisha unakwenda kutiwa alama za vidole. Mwaka 2020 zilichapishwa kanuni maalum za shule za udereva, walimu wake na leseni. Kanuni za uchukuzi nchini kwetu hubadilishwa mara kwa mara, basi kabla ya kutoa shilingi yoyote nenda mwenyewe ofisi ya NTSA au ufungue ukurasa wao, usome masharti ya mwezi huo. Usimtegemee rafiki aliyepata leseni yake wakati polisi ndio waliokuwa wakitahini.

Kwenye madaraja ndiko fursa iliko, na nashangaa wachache wanaiona. Siku hizi leseni zetu zimepangwa kwa herufi. A ni pikipiki, na A3 ni ya bodaboda. B ni gari dogo. C ni lori, kutoka lile jepesi hadi lenye trela. D ni gari la abiria. E ni ya madereva wa kazi maalum. F ni ya watu wenye ulemavu, na G ni mitambo ya ujenzi, viwanda na kilimo. Shule nyingi za miji midogo hufundisha B, na wakijitahidi wanaongeza A, kwa sababu gari dogo kuukuu linapatikana kwa bei rahisi kuliko lori. Hivyo soko la B limejaa. Lakini hii ni kaunti ya mashamba makubwa ya katani na machimbo, iliyokatwa na barabara kuu ya bandari. Trekta na lori ndizo kazi zenyewe huku. Mtu wa Voi mwenye leseni ya C na miaka ishirini ya trela akijipeleka kwenye shule kama mwalimu wa gari dogo, anauza dhahabu kwa bei ya shaba. Na atafute shule yenye lori, hata kama iko mbali kidogo, aanzie hapo.

Kuna na vijana wanaotazama nje. Madereva wetu wamekuwa wakienda Qatar, Saudia na Imarati kwa miaka mingi. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kazi na uhamiaji, na madereva wa kwanza wa mabasi kutoka Kenya walikuwa tayari wamepokewa Flensburg, mji wa kaskazini mwa nchi hiyo. Huko kote utatahiniwa upya au utajaribiwa kwa namna moja au nyingine, na kote huko gari hukaa upande wa kulia wa barabara. Kijana aliyefundishwa vizuri nyumbani anafaulu. Aliyenunua leseni anarudishwa kwa ndege, na deni la ajenti linamsubiri uwanjani.

Sasa pesa, maana mke hatakula maneno ya gazeti. Nitatoa mfano wa hesabu, si bei ya shule yoyote. Tuseme una gari moja na wanafunzi kumi kwa mwezi, kila mmoja analipa 12,000. Hizo ni 120,000, na hapo ndipo watu huanza kuota. Kila mwanafunzi mpe masomo ishirini ya nusu saa, yaani saa kumi za usukani. Wanafunzi kumi ni saa mia moja. Gari linalokwenda gia ya kwanza na ya pili, likizimika na kuwashwa, weka lita tatu kwa saa: lita mia tatu, kwa shilingi 180 lita, ni 54,000. Zimebaki 66,000. Toa kodi ya ofisi 10,000, msichana wa kupokea wateja 12,000, akiba ya gereji na taili 12,000, akiba ya bima na leseni 8,000. Unabaki na 24,000, na hujagusa mkopo wa gari. Na usiichukulie ile akiba ya gereji kama anasa. Sahani ya klachi inayokaa miaka kwa dereva mwangalifu, wanafunzi wataiunguza kwa miezi. Bima nayo lazima iwe ya gari la kufundishia. Ukikata bima ya gari la nyumbani ukabandika L, siku ya ajali kampuni itakuuliza maswali usiyoweza kuyajibu.

Isitoshe, wanafunzi hawaji sawasawa mwaka mzima. Vijana wanaomaliza kidato cha nne Novemba hujaa Desemba na miezi ya mwanzo wa mwaka, wakingojea vyuo. Likizo za shule huleta walimu. Ramadhani mchana huwa kimya. Mwenye mshahara wa trela amezoea mwezi kuwa na umbo moja, lakini mwezi wa shule ya udereva hupanda na kushuka. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu anayeanza ni kwamba asinunue gari. Aajiriwe kwanza, au akubaliane na shule kulipwa kwa kila mwanafunzi, ajifunze kufundisha kwa klachi ya mwenziwe. Mshahara utakuwa mdogo kuliko wa safari ndefu pamoja na posho zake, hilo halina ubishi. Anachonunua kwa tofauti hiyo ni kulala kwake.

Nimefika mahali pagumu. Zipo shule, hapa Pwani na kwengineko, ambazo ukiuliza ada utatajiwa bei mbili. Moja ni ya kujifunza, na ya pili ni ya “kila kitu ndani”. Kila mtu anajua maana yake. Pesa ya pili inatembea hadi siku ya mtihani, na anayeibeba mara nyingi ni mwalimu. Mwanafunzi ataulizwa maswali mawili kwenye bodi, ile meza yenye barabara ndogo na raundabauti na kigari cha kuchezea, ataendesha mita chache, na jioni ni dereva. Mgeni katika kazi hii ataambiwa wiki ya kwanza kwamba ndivyo mambo yalivyo, na asipokubali wanafunzi watakwenda shule ya jirani.

Simhukumu mtu mwenye watoto. Lakini ajue anachokibeba. Kwa Sheria ya Rushwa ya mwaka 2016, mtoaji na mpokeaji wote ni wahalifu, na adhabu inafika miaka kumi jela au faini ya shilingi milioni tano. Hiyo ni sheria ya dunia. Sisi Waislamu hatuhitaji kukumbushwa hukumu ya rushwa, kwa mtoaji, mpokeaji na anayetembea kati yao. Na mshahara wa mtu wa kati, hata ukiwa mdogo, unaingia kwenye sufuria ileile wanayokula watoto.

Kisha kuna damu. Kila mwaka zaidi ya watu 4,000 hufa kwenye barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko yote ni watu wanaotembea kwa miguu. Mwanafunzi aliyenunuliwa mtihani hafi yeye tu. Anamgonga mama anayevuka kwenda sokoni. Tazama bodaboda. Tangu serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, vijana wengi walifundishwa na rafiki, jioni moja, kwa malipo ya soda. Wengine ni hodari sana wa kukaa juu ya pikipiki na hawajui kabisa nani ana haki ya kupita kwanza kwenye raundabauti. Ukizunguka wodi za mifupa za hospitali zetu, Voi hii hii, utawakuta. Mwalimu wa daraja la A3 aliye makini, akienda jukwaa kwa jukwaa, Birikani, Sofia, Kaloleni, akafundisha vijana kumi kumi saa wasizo na wateja, ana kazi ya miaka. Ada itabidi ilipwe kidogo kidogo kupitia chama chao, na yataka subira. Lakini jukwaa likishamwamini mtu, linamletea na ndugu na shemeji.

Jambo la mwisho ninalotaka kulisema ni la mama na dada zetu, na najua baadhi ya wasomaji watanitumia ujumbe mkali. Katika jamii yetu wapo wanawake wengi wanaotaka kuendesha. Mwalimu wa shule ya msingi anayepangiwa kazi Mgange, nesi wa zamu ya usiku, mjane mwenye duka, mama ambaye bwana yuko Ghuba na gari limeegeshwa nyumbani likila vumbi. Wengi wao wanazuiliwa na kitu kimoja ambacho tangazo la shule halikitaji: saa kumi za kukaa peke yake ndani ya gari na mwanamume asiye maharimu wake. Wengine wamejaribu, wakakutana na mwalimu ambaye mkono wake ulichelewa kutoka kwenye gia, wakanyamaza, na ada ikapotea.

Dawa ya hili si kuwaambia wasijifunze. Saudia iliporuhusu wanawake kuendesha, tarehe 24 Juni 2018, zilifunguliwa shule za wanawake, na wanawake wakawa walimu wake. Kwetu hakuna sheria inayomzuia mwanamke kuwa mwalimu wa udereva. Kinachomzuia ni kwamba hakuna aliyemwambia kuwa ni kazi. Hivyo nikiulizwa nani hasa Voi abadilishe kazi aende kufundisha udereva, kabla ya yule bwana wa trela ningemtaja mwanamke wa miaka thalathini au arubaini ambaye tayari anaendesha, mwenye sauti ya utulivu, aliyewahi kufundisha chekechea au madrasa. Uvumilivu anao. Klachi ataelezwa. Wateja wanamsubiri, kutoka Mwakingali hadi Taveta, na waume na baba zao watalipa ada bila kubishana kwa kuwa moyo umetulia.

Hadi awepo, mwalimu mwanamume ana njia za heshima: wanafunzi wawili wa kike kwa pamoja, mmoja kwenye usukani na mwengine nyuma akitazama, au kaka au mama akae kiti cha nyuma. Na wanafunzi hujifunza sana wakiwa nyuma, maana makosa ya mwenzako huyaona kabla ya yako. Mikono ibaki mapajani. Gia inaelezwa kwa maneno.

Bwana wa trela asidhani nimemsahau. Ana nafasi, ila nitamwambia wazi ni nani asijaribu. Mwenye hasira za barabarani asijaribu. Anayeona aibu kusema “sijui, ngoja nikasome”, naye asijaribu, kwa sababu alama za barabarani alizozijua mwaka alipopata leseni si zote anazozikumbuka sawa, na mwanafunzi aliyetoka kuzikariri jana atamuumbua. Asijaribu pia yule aliyezoea kufunga mkanda akiona polisi tu. Wanafunzi huiga miguu na mikono ya mwalimu, na ukimpa mkono dereva mwenzako kwa kuwasha taa kwamba kuna polisi mbele, somo hilo watalishika kabla ya somo lolote.

Aliyebaki baada ya hao, na achukue likizo ya wiki mbili kabla ya kuacha kazi. Aende shule moja, aombe kukaa kiti cha nyuma wakati mwalimu anafundisha, hata bila malipo. Asikilize mwalimu anasema nini na anasema lini. Akirudi nyumbani amtafute kijana wa familia, injini ikiwa imezimwa, ajaribu kumweleza kwa maneno tu jinsi ya kurudi rivasi kati ya magari mawili, bila kuonyesha kwa mikono. Kama kijana ameelewa, aanze kufuatilia makaratasi yake.

Na siku ya mwanafunzi wa kwanza, ampeleke uwanja mtupu mapema asubuhi, kabla jua la Voi halijaamka vizuri. Simu izimwe, redio izimwe. Funguo zibaki mkononi mwa mwalimu. Dakika kumi za mwanzo ziwe za kusogeza kiti hadi mguu uzamishe klachi bila mgongo kunyanyuka, kufunga mkanda, na kupanga vioo vitatu, mwanafunzi akitaja kwa sauti anachokiona katika kila kimoja. Wengi wao watakuwa hawajawahi kukaa upande ule wa gari maishani mwao.